SOMO: Umekuja Nairobi kusoma muhula mmoja? Hivi ndivyo utapata marafiki na utauona mji

Habari zenu wadau. Kila muhula pale kampasi naona kitu kilekile, wanafunzi wa kubadilishana wanashuka kutoka Ujerumani, Korea, Uganda, Tanzania, wiki ya kwanza wanapatana wageni kwa wageni na basi imeisha hivo, wanatembea pamoja, wanaita Uber pamoja, mpaka wanarudi kwao bila Mkenya hata mmoja wa kumpigia simu. Inaniuma kusema kweli, manake watu wa Nairobi si wabaya, wana haraka tu. Ushauri wangu ni huu: kutembea mji na kutafuta marafiki usivitenganishe, fanya viwe shughuli moja.

Hatua ya 1: Laini na M-Pesa
Sajili laini na pasipoti yako siku ya kwanza na M-Pesa iwashwe hapohapo. Matatu, mama mboga, mchango wa safari, vyote vinapita huko. Ukikosa M-Pesa mwenzako atakulipia leo, kesho akulipie, mwishowe wanaacha kukuita.

Hatua ya 2: Grupu ya darasa
Mtafute mwakilishi wa darasa akuingize kwa grupu ya WhatsApp. Huko ndiko utajua darasa la asubuhi limesongezwa, na huko ndiko watu wanapanga mambo ya wikendi. Kazi za vikundi zikigawanywa usikimbilie wageni wenzako, tafadhali.

Hatua ya 3: Kula kibanda kimoja
Hii watu wanaidharau na ndiyo inafanya kazi kuliko zote. Chagua kibanda karibu na hosteli, uende saa ileile kila siku, ukae kwa benchi na si kufunga chakula upeleke chumbani. Agiza chapati madondo, yaani chapati na maharagwe, benchi ni fupi na watu ni wengi kwa hivyo lazima mtasongeana, mtu atakuomba upitishe pilipili, mwingine atauliza umetoka wapi, na baada ya muda mama mwenyewe akikuona tu anatoa chapati mbili kabla hujafungua mdomo na siku hujafika anauliza uko wapi. Mazungumzo mara nyingi ni mpira. Uliza tu kati ya Gor Mahia na AFC Leopards nani mkubwa halafu unyamaze usikilize, hiyo mada haiishi, na ukialikwa kwenda kutazama hizo timu zikikutana uwanjani nenda, hata kama mpira huujui.

Hatua ya 4: Wewe ndiye ualike
Wageni wengi wanangoja mwenyeji awatembeze. Geuza. Wanairobi wengi mara ya mwisho kuingia makumbusho walikuwa na yunifomu ya primari, ukiwaalika wanafurahi kuliko wewe. Lakini usiseme "siku moja twende", sema Jumamosi saa nne nje ya Archives, lile jengo la Nyaraka za Taifa katikati ya mji, kila mtu nauli yake na kiingilio chake, chakula tutachanga. Ukisema mapema hakuna mtu atanung'unika.

Anza na Makumbusho ya Reli, ni mwendo wa miguu kutoka Archives. Mji wenyewe ulizaliwa na reli ilipofika hapa 1899, na pale ndani kuna lile behewa ambalo simba alimnyakulia ofisa wa polisi Charles Ryall akiwa ndani, kule Kima mwaka 1900. Simama karibu na dirisha utazame, watu huanza kubishana wenyewe simba alipitaje na hapo kikundi kimeshachangamka. Wikendi nyingine pandeni Makumbusho ya Taifa, kuna Turkana Boy, mifupa ya kijana wa miaka kama milioni moja na nusu iliyopita, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Kimeu ni Mkenya, na mimi nataka kila mgeni alijue hilo jina. Halafu Karura, msitu ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999. Mkitembea mle mpaka maporomoko ya maji mtaongea mambo ambayo hayaongeleki kwa baa.

Hatua ya 5: Usalama
Simu usiishike dirishani mwa matatu. Usiku usitembee CBD, yaani katikati ya mji, peke yako. Basi, usiishi kwa woga.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, mimi natoka Mwanza nakuja mwezi wa saba. Nibebe nguo nzito au?
– Karibu sana ndugu yangu. Beba sweta na jaketi. Mji uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Julai ni baridi ya kweli, wingu siku nzima.

Mimi sinywi na klabu siendi, je nitapata watu?
– Utapata, tena wazuri. Kuna vyama vya dini, kwaya, drama, kupanda milima. Arboretum, ile bustani ya miti, pia iko jirani na hosteli za Chuo Kikuu cha Nairobi (UoN), watu wanasomea pale, wengine wanakuja kuomba chini ya miti.

Kuna rafiki ananiomba pesa kila wiki, nikikataa ni kama namkosea.
– Pole mpendwa. Hapa kukopeshana kidogo ni kawaida lakini ya kawaida inarudi. Kama hajarudisha ya kwanza mwambie kwa upole hauna, usieleze sana. Wa kweli atabaki.

Nairobi National Park tutaingiaje bila gari?
– Changeni mkodishe van, mkijaa inakuwa nafuu. Raia wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali viingilio ni tofauti kwa hivyo beba pasipoti, na malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, keshi hawachukui. Vifaru na simba wapo ila ndovu mbugani hakuna. Kama van imeshindikana, panda matatu ya Rongai mshuke geti la Langata Road, hapo kuna Safari Walk, njia ya kutazama wanyama kwa miguu. Na maji msibebe kwa chupa za plastiki za kutupwa, zilipigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, mtarudishwa nazo getini.