SOMO: Kukodi boti ya mfereji Uingereza na kuiendesha wenyewe, wewe na marafiki

Salaam wakuu. Kila kiangazi cha Ulaya kikikaribia naulizwa mambo yaleyale faraghani: leseni, boti gani, njia ipi, siku ngapi. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo naweka yote hapa. Nazungumzia mifereji ya Uingereza na Wales, na zile boti nyembamba za chuma zenye upana wa mita 2.1 hivi na urefu unaoweza kufika mita 21. Kampuni inakupa mafunzo mafupi, inakukabidhi ufunguo, halafu mnabaki ninyi na maji.

1. Leseni. Haihitajiki kwa boti ya kukodi kwenye mifereji hii.

2. Idadi ya watu. Tangazo likisema "watu 6", mara nyingi wawili kati yao watalala kwenye meza ya chakula inayogeuzwa kitanda kila usiku na kurudishwa kila asubuhi. Watu wazima 4 wachukue boti ya watu 6. Na semeni ukweli mnapoweka oda, maana baadhi ya kampuni hazipokei kundi la vijana watupu, na kugundua hilo mkiwa gatini na mabegi ni hasara tupu.

3. Njia. Wengi wanachukua ramani, wanapima kilomita, wanafurahi. Safari ya mfereji inahesabiwa kwa loki. Loki ni kile chumba cha maji chenye milango pande mbili kinachopandisha au kushusha boti mlimani, na mnaifungua na kuifunga wenyewe kwa mikono. Weka dakika 20 kwa kila loki moja, na kilomita 5 kwa kila saa ya mwendo. Kilomita 20 zenye loki 12 ni saa 8, siku nzima ya kazi.

Mfano ni ule mzunguko maarufu wa Four Counties Ring: kilomita 177 hivi na loki 94. Kwa hesabu hiyo ni zaidi ya saa 60. Wiki ya kukodi nayo huanza mchana na boti hurudishwa asubuhi ya siku ya mwisho, kwa hiyo hamna hata siku 7 kamili. Kundi la watu wenye nguvu wanaopenda kuamka mapema wataweza. Waliokuja kupumzika watagombana.

Kwa mara ya kwanza napendekeza mfereji wa Monmouthshire & Brecon huko Wales, kilomita 56 na loki 6 tu. Au anzieni Trevor kwenye mfereji wa Llangollen. Kutoka hapo hadi mji wa Llangollen hakuna loki hata moja, na upande wa pili mnavuka Pontcysyllte, daraja linalobeba mfereji wenyewe mita 38 juu ya mto Dee. Lilifunguliwa mwaka 1805, kazi ya Thomas Telford na William Jessop, na tangu 2009 limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Upande mmoja kuna njia ya miguu yenye reli, upande wa pili hakuna kitu kati yenu na bonde. Mwenye kuogopa vimo akae ndani, wala asichekwe.

4. Kukabidhiwa boti. Msimruhusu mkufunzi aondoke kabla kila mmoja wenu hajashika kana, ule mkono wa usukani ulioko tezini, yaani nyuma ya boti. Ulizeni gesi inazimwa wapi, maji yanajazwa wapi, tangi la choo linajaa lini, na kifuniko cha kufikia rafadha (propela) kinafunguliwaje. Bonyezeni kengele ya kutambua kaboni monoksidi msikie inalia.

5. Kuendesha. Mkikutana na boti nyingine, kaeni kulia. Sukuma kana kushoto, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kulia. Boti inazunguka kutoka katikati yake, kwa hiyo ukikata kona tezi inatanuka nje, iangalie. Breki hakuna, ni rivasi tu, na inachelewa kushika. Mwisho wa mwendo ni kilomita 6.4 kwa saa, lakini ukipita boti zilizofungwa punguza hadi injini inanguruma tu, kwa sababu wimbi lako linang'oa vigingi vya watu.

6. Loki. Hapa someni polepole, mkiweza msomeane kwa sauti.

Hatari kubwa iko wakati wa KUSHUKA. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha mawe au zege kinachochomoza ndani ya chumba. Loki ikiwa imejaa hukioni. Maji yakianza kushuka, kizingiti kinabaki palepale na boti inashuka. Tezi ikiwa juu yake, inakaa, na omo inaendelea kuzama. Boti inainama, maji yanaingia mbele, na ndani ya dakika chache imezama na waliomo. Nimewahi kusimama ukingoni nikaona boti ya kundi jingine ikianza kuinama hivyo. Waliiokoa kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameshika tayari hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungusha kufungua na kufunga maji ya loki, na anatazama boti. Wenzake wote walikuwa wanapiga picha.

Kwa hiyo:

Ukutani kuna mstari mweupe unaoonyesha kizingiti kinaishia wapi. Tezi ikae mbele ya mstari huo muda wote, na omo isigande kwenye milango ya chini.

Kamba izungushwe kwenye nguzo na ishikwe mkononi, ikiachiwa kadiri boti inavyoshuka. ISIFUNGWE. Boti iliyofungwa itaning'inia.

Vilango vidogo vya kupitisha maji visifunguliwe mpaka aliyeshika kana atoe ishara. Sauti ya amri ni moja, yake.

Mkiona boti imekaa: fungeni kwanza vilango vya chini, vyote. Maji yakiacha kutoka, ndipo mfungue vya juu kidogokidogo ili chumba kijae na boti inyanyuke. Msianze na vya juu.

Wakati wa kupanda hatari iko omoni, inaweza kunasa chini ya boriti ya mlango huku maji yakiinuka. Fungueni vilango nusu kwanza, maana maji yakiingia kwa kasi yanairusha boti mbele.

Hendeli isiachwe kwenye ekseli ya kuinulia vilango hata sekunde moja. Kizuizi kikiteleza itazunguka kwa nguvu za kuvunja mkono. Msikimbie juu ya milango, msiruke kutoka botini, msizuie boti kwa mguu: ina uzito wa tani nyingi. Bia isubiri mpaka jioni mkishafunga boti.

7. Kufunga usiku. Kabla ya giza, upande wa njia ya miguu. Si kwenye kona, si chini ya daraja, si kwenye gati la loki, la maji, wala sehemu ya kugeuzia boti.

8. Kila asubuhi. Pima oili, kaza grisi ya shafti, jaza maji.

---

MASWALI

Swali: Mkuu somo zuri, ila hujasema leseni inahitajika au la.
Jibu: Namba 1.

Swali: Tupo 8, tuna siku 4, tunataka kutoka Birmingham hadi London kwa boti. Inawezekana?
Jibu: Haiwezekani. Mfereji wa Grand Union kwa njia hiyo ni kilomita 220 na loki 166. Piga hesabu ya namba 3.

Swali: Kwa nini milango ya loki inakutana kwa pembe, haifungi ikanyooka? Na hicho kizingiti hatari hivyo kwa nini hawakitoi?
Jibu: Swali hili nilikuwa nalisubiri. Pembe inaelekea upande wenye maji mengi, kwa hiyo maji yenyewe yanaibana milango. Yanavyozidi kuwa mengi ndivyo inavyobana zaidi, na ndiyo maana hamwezi kuifungua mpaka viwango vya maji vilingane pande zote mbili. Milango ya aina hiyo inahusishwa na Leonardo da Vinci alipokuwa Milano mwishoni mwa karne ya 15. Kizingiti ni sehemu ya mtambo huohuo: mlango wa juu unaegemea hapo kwa chini ili maji yasipenye. Ukikitoa, loki haishiki maji. Na ongeza hili: kila loki nyembamba ikitumika, zaidi ya lita 100,000 zinashuka kutoka mfereji wa juu na hazirudi zenyewe. Ndiyo sababu mkikuta chumba kiko kwenye kiwango cha boti inayokuja upande wa pili, mnawasubiri wapite kwanza. Kwenye loki pana ingieni boti mbili pamoja.

Swali: Unasema kamba isitumike lokini, sasa boti itatuliaje? Huu ushauri ni hatari.
Jibu: Sijasema isitumike. Nimesema izungushwe na ishikwe, isifungwe. Tofauti hiyo ndiyo somo lote. Rudia namba 6 kabla ya kuonya wengine.

Swali: Mtu akianguka majini tufanye nini? Tuna dada mmoja hajui kuogelea.
Jibu: Aliyeshika kana aweke nyutro papo hapo, kisha azime injini. Kinachoua ni rafadha, kwa hiyo usirudi nyuma kumfuata. Sehemu kubwa ya mfereji ina kina cha mita moja hivi, mwambieni asimame. Lokini na mitoni ni kirefu, dada avae jaketi la kujiokoa tangu mwanzo. Kampuni wanatoa mkiomba. Akitoka aoge, na mwenye kidonda akifunike, maji hayo yana vijidudu kutoka mkojo wa panya.

Mwanachama mwingine: Naongeza. Chukueni hendeli ya akiba, ya kwanza hudondoka majini. Glovu za kazi pia, kamba mbichi inachubua. Na boti ikianza kutetemeka na kukosa nguvu, kuna kitu kimejisokota kwenye rafadha.
Jibu: Sahihi kabisa. Injini izimwe na ufunguo uwe mfukoni mwa anayeingiza mkono, asiye na ufunguo asiingize mkono. Na kifuniko kirudishwe na kukazwa kabla ya kuwasha, la sivyo rafadha itasukuma maji ndani ya boti.

Swali: Tukipwelewa je?
Jibu: Msizidishe mafuta kwenda mbele. Rivasi polepole, watu wahamie upande wenye maji marefu, mmoja asukume kwa upondo.

Swali: Mwalimu, nikitaka joto zaidi, Ufaransa kuna kitu kama hiki?
Jibu: Canal du Midi, kilomita 240, kutoka Toulouse hadi ziwa la Thau karibu na bahari ya Mediterania. Pierre-Paul Riquet ndiye aliyeusimamia, ulichimbwa kati ya 1666 na 1681. Boti za kukodi huko hazitaki leseni pia, na ni pana zaidi. Loki za zamani zina umbo la yai, kwa hiyo kamba zinafanya kazi kubwa kuliko Uingereza, lakini nyingi zina mtumishi wake au zinajiendesha kwa umeme.

Swali: Sisi likizo yetu ni Januari. Tukodi?
Jibu: Kampuni nyingi hufunga majira ya baridi. Zinazobaki zipo, boti zina jiko la kuni au makaa na ndani mtaota moto vizuri. Tatizo ni kwamba miezi hiyo ndiyo Canal & River Trust, wasimamizi wa mifereji mingi ya huko, hukausha loki kuzifanyia matengenezo. Tazameni matangazo yao ya kufungwa njia kabla ya kulipa chochote, kisha muulizeni mwenye boti mnaweza kwenda umbali gani na mtageuzia wapi.