Pazia la Banda Lifunguke kwa Juu Tangu Siku ya Kwanza

Wafugaji wengi bado mnafunga banda la vifaranga pande zote, hadi nyufa mnaziba kwa magunia, kisha wiki ya tatu mnaulizia dawa ya mafua. Joto mmelipata, hewa mmeikosa.

Kuku hapumui kama sisi. Mapafu yake hayatanuki. Yamebanana na mbavu, na kinachosukuma hewa ndani yake ni vifuko vya hewa, kwa kawaida 9, vilivyotandaa kifuani na tumboni. Ndani ya mapafu hewa hupita kuelekea upande mmoja tu. Hapo oksijeni huvuka utando mwembamba mno na kuingia kwenye damu, na kabonidioksidi huvuka kutoka. Kila gesi hutoka ilikojaa kwenda iliko chache. Banda likijaa hewa iliyokwisha kupumuliwa, tofauti hiyo hupungua na damu hukosa oksijeni ya kutosha. Kwa kuku wa nyama, anayekua haraka, moyo huzidi kusukuma mpaka maji yanavuja na kujaa tumboni.

Amonia ndiyo mbaya zaidi. Hutoka kwenye kinyesi kikilowa, hulemaza vinyweleo vya koo la hewa vinavyofagia makamasi na vumbi, na bakteria hushuka moja kwa moja hadi kwenye vifuko. Dawa utakazonunua hazitaondoa amonia.

Sasa vipimo. Pazia lifungwe chini, lishushwe kutoka juu, na usiku na mchana liache uwazi wa sentimita 15 hadi 20 pande zote mbili za banda, juu ya vichwa vya vifaranga ili upepo usiwapige. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga, si usawa wa macho yako! Joto likipungua, ongeza chanzo cha joto; usiguse uwazi. Maranda yawe na kina cha sentimita 5 hadi 10, na yaliyolowa chini ya vinyweo yatolewe siku hiyo hiyo.

Kila alfajiri, kabla hujashusha pazia zaidi, chuchumaa pua ifike walipo vifaranga, ukae dakika moja. Ukisimama hutajua kitu. Macho yakiwasha, amonia imeshapita kikomo cha sehemu 25 kwa milioni.

Wa jiko la mkaa, nanyi mnisikie: moto wa mkaa, hata ukishakolea, hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Washeni nje, mkaa ukolee wote ndipo jiko liingie, na uwazi wa juu ubaki palepale. Kwenye banda lililozibwa gesi hiyo huua vifaranga, na huua pia anayelala humo kuwalinda.

Vifaranga wakitawanyika sawasawa na kulala midomo imefungwa, joto linawafaa.