Ukikwama, fundi, weka patasi chini

Mdogo wangu wa kazi ya nakshi, dalili ya kukwama naijua: mkono unachonga ua lilelile mlango baada ya mlango, nawe hulitazami tena. Hapo usilazimishe. Mninga ni ghali, na mstari uliokwenda kombo haurudi.

Kwanza zungumza na mwenye mlango. Mpe tarehe mpya iliyo ya kweli, na akitaka malipo yake ya mwanzo, mrudishie. Bila hilo hutopumzika. Utakaa pwani huku simu inalia. Kisha zipake patasi mafuta, zifunge kitambaa, funga karakana.

Usende kutazama milango ya Mji Mkongwe. Ni mizuri mno, utaanza kujipima. Mimi hupanda boti Malindi, bandarini Unguja, mpaka Mkoani kule Pemba, nikaenda shamba kwa shangazi. Ukiwahi msimu wa karafuu ndiyo bora zaidi: usiku mnakaa jamvini mnachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Mikono ina kazi, akili iko huru, na wazee wanazungumza. Hapo jiulize: kama hakuna mteja anayeniagiza nakshi ya yungiyungi wala ya mnyororo, ningechonga nini? Jibu likija, lichore hata juu ya kipande cha boksi. Mimi lilinijia jani la mkarafuu, na mpaka leo nalichonga kwa mapenzi.

Lisipokuja, ongeza siku.

Ukirudi, usianze na mlango wa mtu. Chukua kibao kilichobaki, chonga ulichokichora, kisha mpe fundi mwenzio akitazame kabla hujapokea oda mpya.