Jinsi ya kuomba chai Dar bila kununiwa, kwa sisi wa Nairobi

Hii ni ya wenzangu mnaohamia Dar kikazi, nawaambia mapema msije mkarudi mkisema watu wa huko wana maringo. Asubuhi yangu ya kwanza niliingia kwa mama ntilie na njaa yangu, nikasema "nipe chai na chapati mbili" vile tu ningesema River Road, mama wa watu akaniangalia kama mtu nimemkopa nikahama mtaa. Chai ilikuja ndio, lakini ilikuja baada ya watu wote kunywa. Nikadhani ameamka vibaya, kumbe ni ile "nipe".

Kwetu nipe ni neno tu, haina ubaya. Huko ni amri. Sasa itoe kabisa, weka naomba: naomba maji, naomba chenji, naomba chumvi, hata kama pesa iko mkononi na unanunua. Mwanzoni utajihisi omba omba, zoea tu.

Na usianze na shida yako, anza na salamu. Kwa mtu mzima ni shikamoo, halafu ngoja marahaba, usiiruke, watu wetu wengi wanatupa shikamoo huku washaanza kuuliza bei. Rika yako ni mambo, poa, au habari za asubuhi, na wewe pia uulize za kwake kabla ya kuendelea. Shida ni kukadiria umri, maana shikamoo imetokana na kushika miguu, ukimpa dada wa miaka 25 atakuuliza kwani unamwonaje. Mimi nikishindwa kupima natoa shikamoo tu, wa kukataa anakataa akicheka, lakini mzee uliyempa mambo hasahau haraka. Baada ya hapo samahani, alafu dada, kaka, mama, baba, vile anavyofaa, na usimwite mtu "wewe" hata kama umemwita mara tatu hasikii.

Ukikuta watu wanakula utaambiwa karibu. Hapo usiseme "hapana" kavu, sema asante, starehe, yaani endeleeni tu msijisumbue. Na ukiulizwa umeoa au una watoto na huna, jibu ni bado. Hata kama huna mpango wowote. Hapana inawashtua.

Sasa usichukue haya yote ukapanda nayo daladala. Humo ndani unapaza sauti "shusha!" na hakuna mtu ananuna, hata mabibi wanasema hivyo hivyo. Mimi siku ya kwanza nikajikakamua na adabu zangu mpya, nikaanza, samahani kaka, habari za saa hizi, naomba unisaidie kunishusha hapo mbele, na kufika hapo mbele tulikuwa tumeshapita vituo viwili.