Datsun 160J: moduli badala ya kontakti, na waya mwekundu unakotoka

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Nakuru kwa mpwa wangu. Shemeji yangu alipofariki alimwachia Datsun 160J SSS, injini ya L16 yenye kabureta mbili, ukoo mmoja na magari ambayo Shekhar Mehta alishindia Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kijana alikuwa ametandaza vitu juu ya gunia: moduli ya elektroniki ya kuingia ndani ya distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda) mahali pa kontakti, ile swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili; koili ya kushindania (koili ndiyo inayokuza volti hadi cheche iruke kwenye plagi), waya nene nyekundu za plagi, na plagi za iridiamu.

"Mjomba, hizi zote zikiingia, gari litaongeza nguvu kiasi gani?"

Nilimjibu kwamba kati ya vitu vyote vile, moduli peke yake ndiyo yenye maana kwa gari lake, na hata hiyo si kwa ajili ya nguvu. Injini nzima yenye kontakti zilizopimwa vizuri inachoma mafuta yake yote. Ukiongeza ukubwa wa cheche huongezi petroli wala hewa. Faida ya moduli ni kwamba taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, inakaa pale ulipoiweka. Kontakti zina kile kipande kinachosugua kemu ya distribyuta, ule mhimili wenye pembe unaozifungua. Kinapolika, mwanya unapungua, kontakti zinachelewa kuachana, na taimingi inarudi nyuma kidogo kidogo bila wewe kujua. Gari linakuwa zito, unadhani ni kabureta, unaanza kuzichezea, na matatizo yanakuwa mawili.

Kwa hesabu tu: kwa mizunguko 6000 kwa dakika, injini ya silinda nne inataka cheche 200 kila sekunde. Kila cheche ina milisekunde tano, na kontakti hukaa zimegusana zaidi kidogo ya nusu ya muda huo. Hapo ndipo koili inapojaza. Kontakti zenye springi iliyochoka zinadundadunda kwa kasi hiyo, na muda wa kujaza unaliwa. Mtu anayeendesha mjini hataona tofauti. Anayepandisha resi (mizunguko ya injini) hadi mwisho ataiona.

Hatua ya 1: Shika distribyuta kabla hujatoa pesa

Toa kofia na rota (kile kipande kinachozunguka chini ya kofia), shika shafti kwa vidole viwili, isukume kulia na kushoto. Ikicheza, moduli haitakusaidia sana. Peleka distribyuta kwa fundi wa lethi akuwekee bushi mpya kwanza. Kisha rudisha rota, izungushe kidogo kuelekea inakozungukia na uiachie: inapaswa kurudi yenyewe mara moja. Ikirudi kwa uvivu, uzani wa ndani unaosogeza taimingi mbele resi ikipanda umekauka grisi au springi zimeisha. Halafu chomoa mpira wa vakyumu, ule unaosogeza taimingi kwa mnyonyo wa injini, upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo, uzibe kwa ulimi. Ukikaa umekushika ulimi, kiwambo kiko sawa. Ukiachia, kimetoboka.

Distribyuta ya mpwa wangu ilikuwa nzima, ila springi zilikuwa zimejaa vumbi la mafuta. Nilizisafisha kwa petroli na tone la oili, na hilo peke yake lilibadilisha gari kuliko kitu chochote tulichofanya siku ile.

Hatua ya 2: Kofia, rota, waya, plagi

Kofia na rota mpya, za kawaida. Plagi ni NGK BP6ES au ile yenye resista, BPR6ES, mwanya wa milimita 0.8. Iridiamu ni nzuri kwa gari ambalo plagi zake ni kazi ya nusu siku kuzifikia. Kwenye L16 unazitoa zote nne chai ikiwa bado ya moto.

Waya zisiwe za shaba tupu ndani. Zinatoa kelele ya umeme inayoweza kuichanganya moduli. Chukua zenye kaboni au zilizosokotwa. Ukitaka kujua kama za zamani zimechoka, ngoja giza liingie, washa injini, funua boneti, nyunyiza maji kidogo hewani juu yake. Waya mbovu utaiona inameta vicheche vya buluu kuelekea kwenye chuma.

Hatua ya 3: Toa kontakti na kondensa, funga moduli

Sikuelezi kwa urefu, kila moduli ina karatasi yake. Ile pete ya sumaku ya moduli, inayovaa kwenye shafti, ikandamize hadi chini kabisa. Na kagua ule waya mwembamba uliosukwa unaounganisha sahani ya ndani na bodi ya distribyuta. Ukiwa umekatika, ethi (njia ya umeme kurudi betri) inapita kwenye vigololi vya sahani, na kila vakyumu inapoivuta, moduli inapoteza ethi. Ulehemu upya.

Hatua ya 4: Umeme wa moduli

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima kwenye gari langu mwenyewe miaka iliyopita, na ndipo mpwa wangu alipokuwa amekwama kwa wiki tatu. Gari lilikuwa linawaka vizuri asubuhi, likipata moto linaanza kumisi, kisha linazima kabisa. Likipoa, linawaka tena kama halikufanya kitu. Alikuwa ameambiwa moduli ni feki, akanunua ya pili. Nayo ikafanya vilevile.

Tafuta karibu na koili kijiti cheupe cha kauri kilichoshikwa kwa bamba la bati. Hiyo ni resista ya balasti. Umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo unapita ndani yake kabla ya kufika koili, kwa hiyo injini ikinguruma, koili haipati volti 12, inapata saba au nane hivi. Ilitengenezwa hivyo kwa makusudi. Wakati wa kupiga stata kuna waya mwingine unaoruka balasti na kuipa koili umeme wote wa betri, ili gari liwake hata betri ikiwa imelala.

Moduli inataka volti 12 kamili. Karibu kila mtu anaunganisha waya wake mwekundu kwenye chanya ya koili, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na inaonekana safi. Hapo umeipa moduli umeme uliopunguzwa. Ukipiga stata inapata wote, inawaka. Ukiachia ufunguo inaanza kula ule mchache, na joto likipanda inashindwa.

Sasa sikiliza kuhusu kupima, maana mtego uko hapa. Mimi nilipima chanya ya koili ufunguo ukiwa umewashwa, injini imezimwa, mita ikasoma 12.4. Nikaridhika. Nikahangaika na kila kitu kingine hadi jioni. Kumbe resista haishushi volti kama hakuna mkondo unaopita ndani yake. Moduli ilikuwa imesimama pahali ambapo koili imekatwa, mkondo haukuwepo, na mita ilikuwa inasoma betri tu. Pima injini ikinguruma. Hapo ndipo utaona saba.

Tiba ni hii: waya mwekundu wa moduli uupeleke upande wa pili wa balasti, ule unaopokea umeme kutoka kwenye ufunguo. Balasti iache iendelee kuihudumia koili.

Kabla hujaking'oa kile kijiti cha kauri ukidhani ni takataka ya zamani, pima koili. Mita kwenye omu, ncha moja chanya, nyingine hasi, waya zote zikiwa zimechomolewa. Koili ya asili ya gari hili ina omu moja na nusu hivi, na balasti nayo vivyo hivyo, jumla tatu. Moduli nyingi za aina hii kwa silinda nne, Pertronix Ignitor ikiwemo, hazitaki jumla ipungue omu tatu. Ukitoa balasti na kuacha koili ileile, mkondo unaongezeka maradufu na moduli inaungua. Ukitaka kuitoa, weka koili ya omu tatu. Ile koili ya kushindania ya mpwa wangu ilisoma 0.6, tukairudisha kwenye boksi.

Na hata ingefaa, huku kwetu haina kazi. Volti inayohitajika kuruka mwanya wa plagi inapanda na mgandamizo ndani ya silinda. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na L16 haina turbo. Cheche inaruka kwa urahisi kuliko Mombasa. Mwenye turbo ana hoja tofauti kabisa.

Swichi ya ufunguo ya miaka arobaini nayo hula volti. Kama ule upande wa balasti unaopokea umeme wa ufunguo, injini ikinguruma, unasoma zaidi ya nusu volti chini ya betri, weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), ambayo miguu yake ina namba: 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda balasti na moduli, 86 kutoka kwenye waya wa ufunguo, 85 kwenye bodi. Wenye Datsun 240Z za mwanzo wawe waangalifu, kwa sababu mita yao ya resi inasoma mkondo wa koili ukipita ndani yake, na ukiuruka, mshale unalala.

Usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa kimya, unasikiliza redio. Na usibadilishe nyekundu na nyeusi hata kwa sekunde moja.

Hatua ya 5: Taimingi

Lazima iwekwe upya, kwa taa, si kwa sikio. Mpira wa vakyumu uchomolewe na kuzibwa, injini iwe na moto, namba ni ile ya kitabu cha gari. Kisha pandisha resi polepole ukiangalia alama kwenye puli: inapaswa kusonga mbele kwa ulaini na kutulia, bila kutetemeka.

Tulilijaribu kutoka Naivasha kupanda Kinungi, saa nane mchana, madirisha wazi, gia ya tatu. Hapo ndipo lilikuwa linazima. Mpwa wangu hakuzungumza hadi tulipofika juu.

Sahani ya kontakti, kondensa yake, bisibisi fupi na fila (bamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.5 viko ndani ya soksi kwenye dashibodi. Moduli ikifa ukiwa kaskazini ya Isiolo, hakuna duka litakalokusaidia, lakini kontakti utazifunga kwa dakika ishirini kando ya barabara.