Kumtambua mende kwa picha kabla hujanunua dawa

Wateja wangu wa kupuliziwa dawa ya wadudu, Kayole hadi South B jijini Nairobi, hunitumia picha ya mende na swali moja: "Fundi, dawa ya huyu ni gani?" Inategemea ni mende yupi, na picha nyingi hazionyeshi.

1. Muue bila kumponda. Mlaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, weka sarafu ya shilingi moja kando, upige kutoka juu karibu na dirisha. Zima flashi, kwani humng'arisha mende hadi alama zikapotea.

2. Tazama mabawa. Asiye nayo huenda bado ni mtoto, na udogo wake haukwambii kitu.

3. Mwenye mabawa mpime kwa sarafu. Akiipita kwa mbali, ni mwekundu wa kahawia na ngao yake, ile sehemu bapa inayofunika kichwa, ina ukingo wa manjano, huyo ni Periplaneta americana, yule wa choo na mitaro. Anza na menholi na matundu ya maji, usihangaike na kabati.

4. Akiwa mdogo kuliko sarafu, kuza picha kwenye ngao. Ukiona mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba kuelekea mabawani, ni Blattella germanica, mende wa Kijerumani (Ujerumani amesingiziwa tu, asili yake ni Asia). Huyu ndiye wa jikoni, na ndiye anayenipa kazi. Jike hubeba kifuko cha mayai mkiani, kama punje ya mchele, hadi yakaribie kuanguliwa. Kifuko kimoja huwa na mayai 30 hadi 40. Ukikiona kwenye picha, usingoje mwisho wa mwezi.

Niliwahi kutumiwa picha isiyo na sarafu, mende kajaza skrini yote. Nikasema ni wa choo, nikapuliza mitaro. Wiki mbili baadaye mama mwenye nyumba akaniita, tukavuta friji: nyuma ya mota walikuwa wamejipanga, wadogo, kila mmoja na mistari yake miwili. Nilirudia kazi bure, kwa dawa ya jeli.

5. Ngao haina mistari, lakini mikanda myepesi imekatiza mwili? Ni Supella longipalpa, mwenyeji wa Afrika hasa. Hupenda pakavu na juu: nyuma ya fremu za picha, ndani ya dikoda.

6. Ukibaki na mtoto, mtazame mgongo. Wa Kijerumani ni mweusi-mweusi, na katikati ana ufito mwepesi unaoshuka. Wa choo ni kahawia tupu.