Kuseti bayas ya tyubu za pawa zisizofanana, kwa wapiga gitaa wa Mtwara na Lindi

Wadau, hii ni kwa mwenye amplifaya ya tyubu aliyekosa pea iliyopimwa pamoja, maana huku Kusini unaweza kuagiza Dar ukaletewa tyubu moja moja, hii mpya ile imeshatumika, na harusi ni Jumamosi. Zinafungika na zinapiga vizuri tu, ila kila tyubu uipime peke yake, alafu bayas (volti hasi inayoamua tyubu ivute umeme kiasi gani) useti kwa kufuata ile inayovuta umeme mwingi. Usichukue wastani wa zote mbili, maana wastani unaweza kukaa sawa huku moja inaungua.

Kabla ya yote usalama. Ndani humo kuna volti 400 na zaidi, na kapasita zinabaki na umeme hata ukishachomoa ukutani. Chomoa, ondoa huo umeme kwa rizista ya kilo-omu 10 ya wati 5 yenye waya zilizofunikwa vizuri, pima mpaka mita isome chini ya volti 10, usipige shoti kwa bisibisi. Wakati wa kupima ikiwa inawaka tumia mkono mmoja, mwingine mfukoni. Spika iwe imechomekwa muda wote, bila spika unaua transfoma ya sauti. Kama umeme wa namna hii hujawahi kuushika, kaa na fundi pembeni, kifo hapa kipo karibu kabisa.

Hatua ya 1: safisha soketi
Hii watu wanairuka na kwetu ndo inasumbua sana, yaani Shangani, Mikindani, Lindi mjini, kote upepo wa bahari unakula chuma. Chungulia ndani ya soketi kwa tochi utaona ukijani kwenye vile vishikio vya pini, hapo tyubu haigusi vizuri na mita itakwambia tyubu imechoka kumbe soketi. Puliza dawa ya kusafishia kontakti, ingiza na kuchomoa tyubu mara kadhaa, kishikio kilicholegea kibane taratibu kwa sindano nene.

Hatua ya 2: funga rizista za omu 1
Moja kwa kila tyubu, kati ya kathodi (sehemu ya tyubu inayotoa umeme) na grauni. Kwenye tyubu aina ya 6L6GC kathodi ni pini namba 8, kwenye aina ya EL34 unganisha namba 1 na 8 kwanza. Ukipima juu ya hiyo rizista, milivolti 1 ni miliampia 1.

Hatua ya 3: piga hesabu
6L6GC inabeba wati 30, EL34 wati 25. Chukua asilimia 70 ya hizo wati, gawa kwa volti za pleti (lile bati la ndani linalopokea umeme), pini namba 3. Tuseme 6L6GC ina volti 440: wati 21 gawa kwa 440 unapata kama miliampia 47. Huo ni mwisho, sio lazima ufike, mi nashauri ubaki kwenye 40 na kitu. Kathodi inapitisha na umeme wa skrini (gridi iliyo karibu na pleti) pia, kwahiyo pleti yenyewe inabeba pungufu kidogo ya unachosoma, kosa liko upande salama.

Hatua ya 4: pima umeme wa ukutani
Jioni kila nyumba imewasha feni na friji, unaweza kukuta volti 205, ukiseti hapo alafu usiku wa manane ikapanda 235 tyubu zinazidiwa na wewe uko jukwaani. Seti ikiwa karibu na 230.

Hatua ya 5: washa
Volyumu sifuri, kipoti cha bayas (rizista ya kuzungusha) kwenye hasi kubwa kabisa, maana hasi ikizidi tyubu inavuta kidogo. Subiri dakika 10 au 15 ndo upime, alafu zungusha kipoti taratibu mpaka inayovuta zaidi ifike kiwango chako cha hatua ya 3. Pleti ikianza kuwa nyekundu zima hapo hapo.

Sasa tuseme moja inasoma 46 nyingine 34. Zima, zipoe, badilishana soketi, pima tena. Tofauti ikihama na tyubu basi tyubu ndo zenyewe, ikibaki palepale rudi kwenye soketi na rizista za gridi. Tofauti ya miliampia 12 ni kubwa, transfoma inabebeshwa upande mmoja, besi inakonda na mngurumo unasikika hata gitaa halijachomekwa. Kama una nyingine kwenye boksi zipime zote bila kugusa kipoti, andika namba kwenye plasta uibandike chini kwenye kitako, ukipata 41 na 38 umepata pea, tofauti ya hadi miliampia 5 haina shida.

Ukikosa kabisa, shusha bayas mpaka ile ya 46 iwe 40, mwenzake itakaa chini ya 30, sauti inapungua utamu kidogo ila shughuli inaisha salama. Baadhi ya amplifaya za Fender za miaka ya 1970 zina kipoti cha kusawazisha tyubu, hizo zungusha mpaka zilingane. Zenye tyubu za EL84 na rizista moja ya kathodi, mfano Vox AC30, hazina kipoti, hapo dawa ni kuchagua tyubu zinazokaribiana tu.

Pima tena baada ya shughuli mbili tatu, tyubu mpya zinahama mwanzoni.